Siku Mto Ulipoingia Chini ya Mji

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Leo nataka tuzungumze juu ya vitu ambavyo kila siku tunavikanyaga wala hatuvioni. Nasema mabomba ya maji safi na ya majitaka, mabomba ya gesi na ya mafuta, nyaya za umeme na za simu. Yaani vyote ambavyo binadamu amevizika ardhini huku akivitegemea vimtumikie. Mtu akizikwa, huwekewa alama ili kaburi lake lisipotee. Bomba likizikwa, mara nyingi alama yake hubaki kichwani mwa fundi aliyelizika. Na fundi naye, kama sisi sote, siku moja huhama, hustaafu au hufariki.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana si haki kuwanyooshea kidole watu wa mbali kabla sijajinyooshea mimi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nachimba msingi wa ukuta wa uani kwangu, hapa Dar es Salaam. Nilikuwa na kibarua mmoja, sururu mbili, na haraka nyingi. Jirani yangu, mama mtu mzima, alituona asubuhi ile akatuambia, "Baba, angalieni hapo. Bomba langu linapita upande huo, ila sijui hasa ni wapi." Nikamjibu, "Usiwe na wasiwasi mama, tutaangalia." Hatukuangalia. Kwenye saa nne hivi sururu ikagonga kitu laini na maji yakaruka. Lilikuwa bomba la plastiki jeusi. Halikukatika, lilichubuka na kutoboka kidogo tu. Tukakata kipande cha tyubu ya baiskeli, tukalifunga, tukakaza, maji yakakoma, tukafukia. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Aliporudi sikumwambia neno.

Ilipita miezi minne. Asubuhi moja akaja kubisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu njoo unisaidie kutazama. Jiko langu linatitia, sijui kwa nini."

Mimi nilijua kwa nini. Nikaenda, nikasimama pale, nikatikisa kichwa pamoja na wengine. Sakafu ilikuwa imezama upande mmoja na ukuta umepasuka kutoka dirishani mpaka chini. Ikaitwa fundi bomba. Akachimba, akafika kwenye bomba, akaichomoa ile tyubu ya baiskeli, akaiweka juu ya udongo. Mama akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nililipia ukuta na sakafu. Lakini nawaambieni kweli, ilichukua miaka kabla salamu yake haijarudi kuwa kama zamani. Kutoboa bomba angelinisamehe siku ile ile. Kufukia na kunyamaza ndiko kulikomuuma.

Tangu siku hiyo, nikisoma habari za watu waliotoboa kitu ardhini, huwa nasoma mpaka mwisho. Na katika zote nilizosoma, hakuna iliyonikaa moyoni kama ya jiji la Chicago, huko Marekani, ambako mwaka 1992 mto uliingia chini ya mji mzima kwa sababu ya nguzo iliyosogezwa mita moja.

Kisa chenyewe kinaanza mbali. Mwaka 1899 baraza la jiji la Chicago liliiruhusu kampuni moja ya simu kuchimba njia za kupitishia nyaya chini ya barabara. Kampuni hiyo ilikuwa na shabaha yake. Mahandaki iliyoyachimba yalikuwa makubwa mno kwa nyaya za simu. Mtu mrefu aliweza kusimama ndani yake wima, na kuta zake zilikuwa za zege, kiasi cha mita 12 chini ya barabara. Kabla wakuu wa jiji hawajang'amua vizuri, reli nyembamba zilikuwa zimekwisha tandikwa humo. Mwaka 1903 ruhusa ikarekebishwa, na kile kilichoombwa kuwa njia ya simu kikawa reli halali ya mizigo.

Reli hiyo ilikua mpaka kufikia maili 60, yaani karibu kilomita 100, chini ya mitaa ya katikati ya jiji. Vichwa vidogo vya treni vya umeme, vipatavyo 150, vilivuta mabehewa zaidi ya 3,000. Vilipeleka makaa ya mawe, vikaondoa majivu, vikabeba bidhaa za maduka. Na ili mizigo ifike inakotakiwa, majengo makubwa yalifungua milango katika vyumba vyake vya chini, kuelekea handakini. Naomba, ndugu msikilizaji, uikumbuke milango hiyo, maana tutairudia.

Baadaye malori yakaja yakachukua mizigo. Reli ya abiria ikachimbwa chini ya ardhi, nayo ikakata baadhi ya yale mahandaki. Kampuni ikafilisika, na mwaka 1959 treni zake zikasimama. Mahandaki yakabaki gizani, yakivuka chini ya barabara, chini ya majengo, na mahali kadhaa chini ya mto Chicago wenyewe. Watu waliokuwa bado wanayajua ni wale wa umeme na wa mawasiliano, ambao walipitisha nyaya zao humo. Watu wa juu walianza kuyasahau. Mtoto aliyezaliwa mwaka treni ziliposimama alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30 wakati mambo yalipoharibika, na huenda hakuwahi kusikia habari zake.

Septemba 1991 mkandarasi aliyepewa kazi na jiji alikuwa akibadilisha nguzo zilizopigiliwa mtoni kulilinda daraja la mtaa wa Kinzie lisigongwe na vyombo vinavyopita. Daraja hilo ni la kufunguka, na kando yake kuna kibanda cha mwendeshaji. Ikahofiwa kwamba nguzo za zamani ziking'olewa, kibanda kinaweza kudhurika. Basi jiji likakubali nguzo mpya zipigiliwe kando kidogo, kiasi cha mita moja kusini ya zile za zamani. Mtu akisimama juu ya maji akatazama, mita moja si kitu. Lakini chini ya mto pale palikuwa na handaki, na waliokuwa wakipigilia hawakujua. Nguzo mojawapo ikashuka ubavuni mwake.

Nguzo ile haikutoboa handaki. Ingelitoboa, pengine pangelikuwa na kelele siku ile ile na shughuli ingeliishia hapo. Iliusukuma udongo wa mfinyanzi, udongo ukaukandamiza ukuta wa zege, ukuta ukapata ufa. Wafanyakazi wa juu hawakuona kitu. Wakamaliza kazi, wakafunga vifaa vyao, wakaenda zao. Chini, tope likaanza kuingia polepole.

Januari 1992 wafanyakazi wa televisheni ya waya, waliokuwa wameshuka handakini kwa shughuli za nyaya zao, walikuta tope hilo. Wakalipiga picha za video. Habari ikachukua muda kufika katika ofisi inayohusika, na Machi mkaguzi wa jiji akashuka kuona mwenyewe. Naye akapiga picha. Picha hizo zikapelekwa kusafishwa dukani, kama picha za harusi, zikakaa siku kadhaa kabla ya kurudi. Tarehe 2 Aprili mhandisi wa madaraja akamwandikia mkubwa wake kwamba ukuta lazima utengenezwe bila kukawia. Gharama ilikadiriwa kuwa kama dola 10,000. Bei hiyo ikaonekana kubwa, ikaamuliwa zitafutwe bei nyingine za ushindani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani waliwahi kufikiria ufa wa dola 10,000 chini ya mto.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 13 Aprili 1992, ukuta ukaachia. Kabla ya saa 12 asubuhi walinzi wa majengo wakaanza kupiga simu kwamba vyumba vya chini vinajaa maji. Hakuna aliyejua yanatoka wapi. Wengine wakadhani bomba kuu la jiji limepasuka, wakaanza kufunga mabomba mtaa baada ya mtaa, na maji yakazidi kupanda. Aliyepata jibu alikuwa mwenzetu wa redio. Mwandishi mmoja wa habari, aliyekuwa akisikiliza mawasiliano ya polisi na zimamoto, alikwenda mpaka daraja la Kinzie, akaona maji ya mto yakizunguka na kudidimia kama maji ya beseni lililofunguliwa kizibo. Akatangaza hapo hapo, hewani.

Sasa turudi kwenye ile milango. Kwa miaka mingi ilipokea makaa na bidhaa kutoka handakini. Mingine ilikuwa imezibwa ovyo, mingine imesahauliwa nyuma ya makabati. Asubuhi hiyo iliupokea mto. Maji yalipita chini kwa chini, kutoka jengo hadi jengo, bila barabara za juu kulowa hata tone. Katika vyumba hivyo vya chini ndimo ilimokuwamo mitambo ya umeme, ya kupasha joto na ya lifti. Umeme ukakatwa, na watu wapatao 250,000 wakaondolewa katikati ya jiji. Masoko makubwa ya nafaka na ya fedha, ambayo bei zake husikilizwa dunia nzima, yakafungwa. Ofisi za jiji nazo zikafurika. Mafundi walitupa katika shimo lile shehena za mawe na saruji, hata magodoro, na vyote vikamezwa. Ilibidi kina cha mto kishushwe, mashimo yachimbwe kutoka juu, na handaki lizibwe kwa zege pande zote za tundu. Maji yaliyoingia yalikadiriwa kuwa galoni milioni 250 za Kimarekani, yaani lita zinazokaribia bilioni moja. Kuyapiga pampu hadi yaishe kulichukua wiki kadhaa. Hasara, kwa makadirio ya wengi, ilifika dola bilioni moja na kuzidi.

Kwa rehema ya Mungu hakuna aliyezama. Kaimu mkuu wa idara iliyochelewesha matengenezo alipoteza kazi muda mfupi baadaye. Kesi zikafuata, na mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba shauri hilo linaweza kusikilizwa chini ya sheria za baharini, kwa kuwa kazi ile ilifanywa kutoka kwenye chombo kilichoelea mtoni. Kampuni za bima nazo zikabishania kama yale yalikuwa mafuriko au mvujo tu, maana malipo yalitegemea jina.

Wengi wanaosimulia habari hii huuliza nani mwenye kosa, na kila mmoja ana mtu wake. Mimi nikiitazama naona jambo jingine. Mahandaki yalikuwa katika ramani, lakini ramani hazikuwa mbele ya aliyeamua nguzo isogezwe. Ufa uliwahi kuonekana, lakini walioona hawakuwa wenye handaki. Hatari iliandikwa, lakini iliandikiwa meza, na meza ikaitazama kama suala la bei. Kila mtu alikuwa na kipande chake cha habari. Vipande vilikutana siku ambayo maji yalikuwa yamekwisha vikutanisha.

Na kuna jambo la pili, ambalo nililijua kwa lile bomba la jirani yangu. Jeraha la chini ya ardhi halilii siku linapotiwa. Nguzo ilipigwa Septemba, mji ukafurika Aprili.

Msidhani kwamba hayo ni ya Chicago tu, au kwamba siku zote huishia kwenye maji na fedha. Tarehe 30 Julai 2004, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi liliripuka katika eneo la viwanda. Watu 24 walikufa na zaidi ya 130 wakajeruhiwa, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wazimamoto waliokuja kwa sababu ya taarifa ya harufu ya gesi. Uchunguzi ulionyesha kwamba bomba lilikwisha kwaruzwa na mashine wakati wa kazi za ujenzi pale juu, majuma kadhaa kabla. Bomba lilivumilia kwa muda, kisha likashindwa. Kuanzia kukwaruzwa hadi kuripuka palikuwa na siku za kutosha kabisa za mtu kusema, "Jamani, tumeligusa bomba."

Tarehe 28 Aprili 1995, huko Daegu, Korea ya Kusini, wachimbaji katika uwanja wa ujenzi wa duka kubwa walitoboa bomba la gesi. Hapo hazikupita wiki, zilipita dakika tu, lakini hata dakika hizo zilipotezwa kabla ya kampuni ya gesi kuarifiwa. Gesi ikapenya kwenye mifereji ya maji ya mvua, ikaingia katika handaki la reli lililokuwa likijengwa karibu, ikashika moto. Walikufa watu 101, wakiwamo wanafunzi wengi waliokuwa njiani kwenda shule.

Wenzetu wamejifunza nini? Sehemu kubwa ya waliyojifunza si mashine za ajabu. Huko Marekani walijenga utaratibu wa mchimbaji kupiga simu kabla ya kuchimba, na tangu mwaka 2007 namba ni moja nchi nzima, 811, wala hailipiwi. Mchimbaji hutia alama nyeupe pale anapokusudia kuchimba. Wenye mabomba na nyaya hupewa siku chache kuja kutia alama za rangi juu ya ardhi: nyekundu ni umeme, manjano ni gesi na mafuta, rangi ya machungwa ni simu na mawasiliano, buluu ni maji ya kunywa, kijani ni majitaka. Karibu na alama, mashine huwekwa kando na watu huchimba kwa mkono, taratibu, hadi bomba lionekane kwa macho. Anayebomoa jengo naye huhakikisha kwanza kwamba umeme, maji na gesi vimekatwa na kuzibwa, maana nyumba ikianguka mabomba yake hubaki ardhini yakiwa hai. Na anayegusa kitu, hata kama amekichubua tu, husema. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu rangi hununuliwa dukani, bali ukweli huu humgharimu mtu siku yake ya kazi, na pengine kazi yenyewe.

Kwetu huku jambo hili limekua bila sisi kushtuka. Zamani mwenye sururu alihofia kukata maji ya jirani, au nyaya za simu za mtaa. Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam kwenda Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, lilikuwa jambo la pekee. Lakini mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikafika Dar es Salaam kwa bomba, na mwaka 2015 bomba jingine likaja kutoka Mtwara. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya bahari zilifika pwani yetu, na tangu hapo mitaro ya nyaya hizo imechimbwa kando ya barabara zetu kubwa. Chini ya njia moja leo mna maji, majitaka, umeme, simu na pengine gesi, kila kimoja na mwenyewe, kila mwenyewe na ramani yake. Juu yake yuko kijana wa kibarua, amepewa sururu na urefu wa mtaro, basi. Hajaambiwa kilichoko chini. Na akipiga kitu, anajua kwamba atakayekatwa ujira ni yeye. Mnategemea aseme?

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kazi ni mambo mawili. La kwanza, muulize kabla hamjachimba, na jibu limfikie mwenye sururu, lisiishie kwa mwenye faili. La pili, msimwadhibu anayekuja kusema. Anayesema saa ile ile amewaokolea nyumba, fedha, na huenda roho za watu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Nimalizie na pale nilipoanzia. Mama yule, jirani yangu, amekwisha tangulia mbele ya haki. Nyumba anakaa mwanawe. Mwaka juzi kijana huyo alikuja kwangu jioni moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Kesho naleta vijana kuchimba shimo la choo. Marehemu mama alinisisitiza, nisichimbe huku kabla sijakuuliza. Bomba lako linapita wapi?"

Nikachukua fimbo yangu, tukatoka wote, nikamwonyesha hatua kwa hatua kutoka kwenye mita mpaka ukutani. Pale nisipokuwa na hakika nilimwambia sina hakika, wachimbe kwa mkono. Tukapanga mawe juu ya mstari ule, na mawe hayo yapo mpaka leo.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.